Nimekubaliwa chuo cha Biblia, ila mashaka hayaniachi

BARUA

Shikamoo mshauri. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Old Moshi na bibi mzaa baba. Mchana nachomelea mageti na madirisha kwenye karakana moja Kiboriloni, jioni napanda nyumbani. Kanisani, la Kilutheri, ndiko nilikokulia. Nimeimba kwaya ya vijana, nimefundisha Shule ya Jumapili, na siku hizi mzee wa kanisa asipokuwepo mimi ndiye ninayeongoza ibada ya jumuiya. Watu wanasema nina kipaji. Mwaka huu wazee wa usharika walinipendekeza nikasomee uinjilisti, na barua ya chuo cha Biblia imeshafika. Natakiwa kuripoti Januari. Mama alipoisikia alilia kwa furaha.

Shida ni kwamba mimi mwenyewe sijioni kuwa mtu wa kwenda huko.

Mwaka jana jirani yetu alilazwa hospitali na mtoto wake mdogo. Akaniomba nikamwombee mtoto. Nilipitia huko nikitoka kazini, mikono bado ina masizi. Nikaweka mkono juu ya blanketi, nikaomba kwa sauti, kwa maneno mazuri. Na wakati naomba, ndani yangu kuna sauti inauliza: unaongea na nani? Mtoto alifariki wiki ile ile. Msibani yule mama alinishika mikono mbele ya watu, akanishukuru kwa maombi yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo kila nikisimama mbele ya jumuiya najiona mwigizaji. Naongoza sala, watu wanaitikia Amina, na mimi najiuliza kama hiyo Amina ni yangu pia.

Kuna kitu kimoja tu kinachonishika. Bibi haoni tena. Ana kitabu cha marehemu babu, Safari ya Msafiri. Jalada halipo, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, mgongo nimeufunga kwa selotepu. Tukishakula ananiambia, "Haya mume wangu, tuendelee na safari." Nasoma kwa taa ya sola, yeye anapukuchua maharage kwa kupapasa. Tukimaliza kitabu tunaanza upya. Sehemu anayoipenda kuliko zote ni pale yule msafiri, jina lake Mkristo, na mwenzake wanapofungwa kwenye Ngome ya Mashaka, wanapigwa na lile jitu, mpaka Mkristo anakumbuka kwamba ana ufunguo kifuani. Nikifika hapo bibi anaacha maharage, mikono inatulia. Na mimi, mshauri, hapo napata kitu nisichokipata nikisoma Biblia peke yangu, wala kwenye mahubiri. Nalala na nafuu. Asubuhi naweza hata kuomba.

Nilimweleza rafiki yangu tunayesali naye kikundi cha maombi mjini. Ananipenda kweli, nisingependa umfikirie vibaya. Akasema mashaka ni roho. Akanisomea 1 Timotheo 4:7, "Bali hadithi za kizee, zisizo za dini, uzikatae," halafu Yakobo 1:6, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Wanataka nifunge siku tatu, waniombee, na kile kitabu nikiweke kando. Anasema kama faraja yangu inatoka kwenye hadithi ya kutungwa badala ya Neno, hiyo yenyewe ni dalili kwamba imani sina.

Desemba ndugu wote watapanda kutoka Dar na Arusha. Baba mdogo ameshatangaza kwamba itafanyika ibada ya shukrani nyumbani, ya kuniaga. Nikinyamaza mpaka siku hiyo nitakuwa nimewadanganya wote. Nikisema, nitamvunja mama moyo. Je, niandike barua ya kukataa nafasi? Nimweleze mchungaji? Na ni vibaya kufarijiwa na hadithi kuliko na mahubiri?

Mwenye Mashaka, Old Moshi

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Asifiwe sana.

Barua yako nimekaa nayo, na naona umeyafunga pamoja mambo matatu: kifo cha yule mtoto, nafasi ya chuo, na kitabu cha bibi. Juu ya yote matatu umeshajihukumu tayari kwamba wewe ni mwongo. Naomba tuyafungue moja moja. Sitakuambia ukubali nafasi au uikatae, kwa sababu hilo si langu.

Naanza na mtoto. Umempitia kwa mistari michache, na nadhani hapo ndipo penye kidonda. Unaamini yule mama alikushukuru kwa sababu hakujua yaliyokuwa moyoni mwako. Lakini hebu tazama siku yenyewe. Alikushukuru msibani. Alijua wazi kwamba kile mlichoomba hakikupatikana. Kwa hiyo alikuwa anashukuru kitu kingine. Mimi simjui, siwezi kumsemea, ila naona kijana aliyetoka kazini na masizi mikononi, hakupita nyumbani kuoga, akaenda kusimama kando ya kitanda ambacho wengine waliogopa kukisogelea. Huenda hicho ndicho alichokiona. Huenda siku moja mtakapokaa mkamkumbuka mtoto, atakuambia mwenyewe. Na nikuulize kwa upole: wewe umeshamlilia mtoto huyu? Barua yako inaeleza aibu yako, na huzuni yako sijaisikia. Mara nyingi mtu aliyefiwa huanza kujihoji imani, kumbe moyo unaomboleza na haujapewa nafasi ya kufanya hivyo.

Hilo swali lako, "unaongea na nani," wala si geni ndani ya Biblia. Zaburi ya 88 ni ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku, anamwuliza kwa nini anamficha uso wake, na inaishia gizani, bila mstari wa furaha mwishoni. Waliokusanya zaburi hawakuiondoa. Imebaki humo humo, na watu wa Mungu wameisali kama sala, vizazi na vizazi.

Sasa kitabu cha bibi. Hapa utanivumilia, nitakaa kidogo, maana ni kitabu ninachokipenda, na naona aliyekiandika ana jambo lako mkononi kuliko mimi.

John Bunyan alizaliwa Uingereza mwaka 1628. Kazi yake ilikuwa ya mikono kama yako: alikuwa fundi wa kuziba masufuria, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila kibali, akakaa gerezani katika mji wa Bedford kwa miaka 12. Angeahidi kuacha kuhubiri wangemwachia. Huku nje aliacha mke na watoto, mmoja wao binti asiyeona, na aliandika kwamba kumfikiria huyo binti ndiko kulikomuumiza kuliko yote. Mle ndani alikuwa akitengeneza kamba za viatu ili familia ipate chakula. Sehemu ya kwanza ya hadithi mnayoisoma ilitoka mwaka 1678.

Nakueleza haya kwa sababu ya kitabu chake kingine, kile cha maisha yake, alichokitoa mwaka 1666 akiwa bado mfungwa. Humo anasimulia jinsi alivyosumbuliwa kwa muda mrefu na sauti ya ndani iliyomwambia amuuze Kristo, amuuze, amuuze. Anasema hata akiwa amesimama anahubiri, mawazo ya kumkufuru Mungu yalimvamia kwa nguvu mbele ya watu. Na anaeleza kwamba wakati fulani alikwenda akiwa yeye mwenyewe katika minyororo kuwahubiria waliofungwa minyororo. Ile sehemu ya Ngome ya Mashaka hakuitunga kwa kuhadithiwa na mtu. Alikuwa ameshalala humo.

Na hebu sikia alifarijiwa na nini. Alikuwa akitamani kusoma maandishi ya mtu wa zamani aliyepita alikopita yeye. Siku moja akaangukia mkononi mwake kitabu cha Martin Luther, maelezo ya Waraka kwa Wagalatia. Kilikuwa kimechakaa kiasi kwamba ukifunua ukurasa kinataka kuachana vipande vipande. Alipokisoma akaona hali yake imeelezwa humo kana kwamba kimeandikwa kutoka moyoni mwake. Akasema baada ya Biblia hakuna kitabu anachokipenda kuliko hicho kwa mtu mwenye dhamiri iliyojeruhiwa. Luther alikuwa amekufa mwaka 1546, miaka zaidi ya 80 kabla fundi huyu hajazaliwa. Kwa hiyo mwanangu, unapokaa na kitabu kilichofungwa kwa selotepu ukasikia mtu wa zamani anayasema ya moyoni mwako, unafanya kile kile alichofanya mwandishi wake.

Rafiki yako nisingependa kumpuuza. Amekuletea Maandiko, na Maandiko yanajibiwa kwa kusomwa zaidi. Paulo anamwonya Timotheo juu ya hadithi "zisizo za dini." Yenu imejaa Maandiko tangu mwanzo hadi mwisho, na ule ufunguo wa Mkristo jina lake ni Ahadi, maana yake ahadi za Mungu. Kwa hiyo hata kwenye hilo gereza, kinachofungua mlango ni Neno. Nathani alipotaka kumfikia Daudi, katika 2 Samweli 12, alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake, kwa sababu Daudi angeambiwa moja kwa moja pengine angejitetea. Bwana wetu naye alifundisha sana kwa mifano. Mtu aliyechoka kujihukumu huwa hasikii amri, ila akisikia habari ya mwingine, masikio yanafunguka. Nadhani ndicho kinachokupata wewe. Mahubirini unakaa kama mtu anayepimwa kama anafaa kuhubiri, lakini kwa bibi unasikiliza tu.

Juu ya Yakobo, usiuruke mstari wa 5, unaosema Mungu huwapa wote kwa ukarimu, wala hakemei. Na Yuda 22 inasema, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Maandiko yote mawili yamo. Rafiki yako ameshika moja. Mwombe akushikie na la pili.

Hata hivyo, kuna swali moja ningependa ujiulize kuhusu hizo jioni. Chumba cha bibi ni salama. Haoni uso wako, hakuulizi kitu, na hadithi unajua inavyoisha. Yote hayo ni neema kwa mtu aliyechoka. Je, inawezekana pia ni mahali ambapo hujawahi kusema lolote kwa mdomo wako mwenyewe? Unasoma mashaka ya Mkristo kwa sauti kila jioni, lakini yako bibi hayajui. Labda anayajua. Mtu asiyeona husikia sauti inavyobadilika. Umewahi kumuuliza kwa nini anaipenda sehemu ile, na alikuwa wapi maishani mwake alipoisikia mara ya kwanza? Mwanamke wa umri wake amezika watu. Mikono haitulii bure.

Na angalia jambo moja humo gerezani linalopitwa haraka. Mkristo hakuwa peke yake. Lile jitu liliwashauri wajiue, na Mkristo alianza kulifikiria. Aliyemzuia ni mwenzake, Mwenye Matumaini, kwa kumkumbusha mahali walikopita na wakavuka. Nasema hili kwa uzito. Kama kuna usiku ambapo na wewe unaona ni afadhali usingekuwepo, au umeacha kula, au usingizi umekukimbia wiki nyingi, usingoje Januari, wala usiiache kwa maombi peke yake. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC uombe kumwona daktari wa afya ya akili. Kwenda huko si kumkana Mungu. Umetaja "nafuu" ya usiku, na nimejiuliza nafuu ya kutoka wapi.

Kama nakala ya babu ina sehemu ya kwanza pekee, nikusimulie kidogo ya pili, iliyotoka mwaka 1684. Humo Bunyan aliwarudia watu dhaifu. Kuna msafiri ambaye mimi humwita Bwana Mwoga. Alilala kando ya lile dimbwi la kukata tamaa zaidi ya mwezi, wengine wanapita, wanampa mkono, hathubutu. Lakini kurudi nyuma pia hakutaka. Alipofika kwenye mlango wa kuingilia njia alisimama nje akitetemeka, akiwaacha wengine waingie, kwa sababu alijiona hastahili kubisha. Kinachonigusa ni kwamba simba hawakumtisha, wala kilima kigumu hakikumsumbua. Hofu yake ilikuwa moja tu: kama mwisho wa safari atapokelewa. Anayesimulia habari zake, kiongozi wa msafara, hamlaumu hata kidogo. Anamfananisha na nyuzi za besi, ambazo mpigaji huzigusa kwanza anapotaka kukiweka chombo sawa. Umeimba kwaya, utanielewa. Na alipofika kwenye mto wa mwisho, maji yalikuwa yameshuka kuliko yalivyowahi kuonekana, akavuka akilowana miguu tu.

Sasa nafasi ya chuo. Unadhania, kama nimekusoma vizuri, kwamba anayetumwa anapaswa awe hana shaka. Naomba usome Mathayo 28:17 taratibu. Wanafunzi wako mlimani Galilaya, mbele yao yuko Yesu mfufuka, na imeandikwa: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Halafu mistari miwili mbele anawaambia waende wakawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Hakuwatenga kwanza wenye shaka wakae pembeni. Hilo halimaanishi kwamba kila mwenye shaka ameitwa kuwa mwinjilisti. Linamaanisha tu kwamba shaka peke yake haitoshi kukujibu swali la wito. Itabidi uulize na mengine: unapenda kukaa na watu wagonjwa na waliofiwa, au ulikubali kwa sababu wazee walikupendekeza na mama akalia? Ukiwaza kazi ya kuchomelea maisha yako yote, moyo unatulia au unanyong'onyea? Ukipata jibu la maswali haya utaona mengi.

Kukataa nafasi sasa hivi kutakupunguzia mzigo haraka, nalielewa hilo. Hatari yake ni kwamba utakuwa umeamua ukiwa ndani ya ngome, na nafasi ya namna hii hairudi kirahisi. Kwenda kimya kimya nako kuna hatari, labda kubwa zaidi, kwa sababu kule utahubiri mbele ya wenzako na walimu mara kwa mara, na huyo mwigizaji unayemchukia atapewa jukwaa kila wiki. Njia ya katikati ni kuuliza kama chuo na usharika wanaweza kukuahirishia mwaka mmoja. Hiyo inategemea taratibu zao, na inaweza kuzua maneno mtaani. Ni maneno ya msimu, lakini yanauma, hasa Desemba watu wakijaa.

Kwa mchungaji ndiko ninakoona mlango mpana kidogo, ingawa nako kuna hatari zake. Wapo wachungaji watakaokusikiliza hadi mwisho, na wapo watakaokukatiza kwa kukuombea haraka. Wewe wako unamjua, mimi simjui. Ukiona mgumu, anza na mwinjilisti wa mtaa, au mama mchungaji, au mzee mmoja katika wale waliokupendekeza. Huhitaji kueleza yote. Unaweza kusema, "Mchungaji, tangu yule mtoto afariki sijaweza kuomba kama zamani, na naogopa kwenda chuoni hivi." Sentensi hiyo ni ya kweli yote, na haimkani Mungu. Wewe ni Mlutheri, basi ujue Luther mwenyewe alipobanwa alijishikiza kwenye jambo lisilotegemea hisia zake: kwamba amebatizwa, na Mungu ndiye aliyeahidi. Nawe ulibatizwa kabla hujaweza kuamini wala kushuku chochote.

Maombi ya kikundi siyakatazi. Kuombewa na wanaokupenda ni jambo jema, na kufunga pia, kama afya inaruhusu. Ila ningekuwa wewe ningewauliza mapema: nikiamka siku ya nne na swali langu bado lipo, mtanionaje? Wakisema wataendelea kutembea nawe, nenda kwa amani. Wakisema basi itakuwa wewe hukufunga vizuri, fikiria mara mbili, maana utatoka pale na mzigo juu ya mzigo. Na kitabu si cha kwako kukiweka kando peke yako. Ni cha babu, na kuna mtu anakisubiri kila jioni.

Ibada ya shukrani ongea na baba mdogo mapema, kabla hajaalika kwaya na kununua mbuzi. Inaweza kuwa ibada ya kuombea safari yako, popote itakapoelekea, bila kutangaza kitu ambacho hujakiamua. Mama nadhani umemwonea kidogo unaposema atavunjika moyo. Alilia kwa sababu ya barua. Hajapata bado nafasi ya kulia kwa sababu yako.

Kama utaona vema, katika hizi wiki jaribu jambo dogo: baada ya kusoma na bibi, kabla hujazima taa, muombe yeye aombe, wewe uitikie Amina. Usiipime kama ni yako au si yako. Na ukishaongea na mchungaji, tuandikie tena, hata kama ni mistari miwili.